UZI: Namna mwanachama wa kawaida anavyoweza kumpunguzia modereta mzigo (ripoti, taka, ushahidi, rufaa)

#1 · Kibatari

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni kwa wanachama wasio na cheo: huna kitufe cha kufuta, huna uwezo wa kumfungia mtu, lakini unataka jukwaa au kundi ulilomo liwe mahali pa kukalika. Mamodereta (au mods, yaani wasimamizi wa jukwaa) wengi wanafanya kazi hii kwa kujitolea, wakishatoka kwenye shughuli zinazowalisha. Wanachopungukiwa ni muda. Kila msaada unaotoa upime hapo: umempunguzia dakika au umemwongezea?

Naanza na ripoti, maana ndiyo nyenzo kubwa tuliyo nayo na ndiyo inayotumiwa ovyo kuliko zote.

Ripoti ikifika kwa msimamizi inakaa kwenye foleni pamoja na ripoti nyingine. Anachokiona ni posti uliyoibonyeza, sababu uliyochagua na maneno uliyoandika. Basi. Hajui ugomvi ulianzia ukurasa gani wala nani alimwanza nani. Akikuta maneno haya:

"Mods mpo kweli? Huyu jamaa anatukana watu kila siku na mnamwacha!!!"

itabidi afungue uzi mzima, arudi kurasa kadhaa nyuma, atafute mwenyewe tusi liko wapi na limemlenga nani. Foleni ikiwa ndefu, ripoti ya namna hiyo inawekwa kando mpaka apate nafasi. Sasa tazama hii:

"Kanuni ya 4, matusi kwa mwanachama: aya ya pili ya posti hii. Amemfuata mtu huyohuyo tena kwenye #58 na #61. Uchokozi wa kwanza uko #47, umetoka upande wa pili, nao uangaliwe."

Mistari mitatu, na uamuzi unaweza kutoka hapohapo. Kanuni imetajwa, mahali pametajwa, mfululizo umeonyeshwa, na upande wa pili haukufichwa. Hili la mwisho wengi hulikwepa kwa kuwa aliyechokoza ni rafiki yao. Msimamizi ataliona tu akifungua uzi, na kuanzia siku hiyo ripoti zako atazisoma kwa mashaka.

Ukishabonyeza, nyamaza. Ukiandika "nimesharipoti" kwenye uzi, uzi unapanda juu, mhusika anapata muda wa kuhariri au kufuta alichoandika, na ugomvi wa watu wawili unakuwa wa watu watatu.

Karibuni muongeze.

#2 · Mtama Mweupe

Asante mkuu. Mimi nina maswali mawili. Mtu wa matangazo akimwaga posti 40 kila kona, niripoti zote 40? Na kumjibu "huyu tapeli, msibonyeze hiyo linki" si kunawasaidia wageni?

#3 · Fundi Mitambo

Mtama Mweupe, la kwanza: ripoti moja inatosha, ila andika ndani yake kwamba akaunti nzima ni ya taka (matangazo yasiyotakiwa). Mfano: "Akaunti ya leo, posti zake zote ni tangazo lilelile." Programu za majukwaa zina nyenzo ya kusafisha akaunti kwa mkupuo, XenForo kwa mfano inayo moja inayofuta posti zote za mtumaji taka na kumfungia kwa hatua moja. Msimamizi anahitaji mlango mmoja tu wa kuingilia. Ripoti 40 ni vitu 40 vya kufunga kwenye foleni, na katikati yake inaweza kufichika ripoti ya mtu anayetishiwa.

Usiogope pia kwamba posti ikisharipotiwa na mwingine ripoti yako ni bure. Kwenye mifumo mingi ripoti za posti moja zinaunganishwa ziwe kesi moja, na idadi inahesabika. Reddit wana roboti iitwayo AutoModerator ambayo mamodereta wanaweza kuipangia kwamba posti ikifikisha ripoti kadhaa iondolewe kwanza, ikaguliwe baadaye. Kwenye Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandika programu, bendera (ndizo ripoti zao) kadhaa za taka zinaiondoa posti bila msimamizi kugusa chochote. Kwa hiyo ripoti moja kwa kila mtu ina uzito wake hata usiku ambao hakuna msimamizi aliye macho.

La pili: usimjibu. Majukwaa mengi yanapanga nyuzi kwa jibu la mwisho, kwa hiyo onyo lako linalirudisha tangazo ukurasa wa mbele. Ukimnukuu ndiyo mbaya zaidi. Msimamizi akifuta posti za tapeli, nukuu iliyo ndani ya posti yako inabaki, na linki imebaki nayo. Nyenzo ya kusafisha haiigusi kwa sababu posti ni yako. Itabidi aje aihariri kwa mkono, moja baada ya nyingine, kwa kila aliyenukuu. Kama umeshanukuu, ingia kwenye posti yako uiondoe linki mwenyewe.

#4 · Bintikalamu

Niongeze kwenye taka, maana za siku hizi hazifanani na zile za zamani zilizojaa herufi kubwa na namba za simu.

Ya kwanza ni ile inayokuja bila linki. Akaunti mpya inaandika sentensi mbili za adabu, "Asante kwa maelezo mazuri, yamenisaidia sana", inakaa kimya wiki kadhaa, kisha inarudi kuhariri posti hiyohiyo na kupachika linki. Wakati huo uzi umeshazama, hakuna anayeutazama, lakini mitambo ya kutafuta bado inausoma. Alama ya kuitambua ni maandishi madogo chini ya posti yanayosema ilihaririwa lini: posti ya maneno kumi iliyohaririwa mwezi mmoja baadaye inastahili kutiliwa shaka. Angalia pia saini (maandishi yanayojirudia chini ya kila posti ya mtu) na wasifu. Linki nyingi hukaa huko.

Ya pili ni jibu linalorudia yaliyosemwa na mwenye uzi kwa maneno mengine, laini, halina kosa la tahajia, wala halijibu swali. Chukua sentensi moja isiyo ya kawaida kutoka humo, iweke ndani ya alama za nukuu kwenye kitafutio. Ikitokea neno kwa neno kwenye nyuzi zisizohusiana, ripoti na uweke viungo viwili vya mfano.

Ya tatu ni ya akaunti mbili. Moja inauliza "jamani nani anajua huduma nzuri ya kitu fulani?", nyingine inajibu baada ya dakika chache kwa jina la huduma. Ukiitazama peke yake, kila posti inaonekana safi. Ripoti jibu, na uandike: "Swali na jibu vinaonekana kutoka chanzo kimoja, akaunti zote mbili zimefunguliwa siku moja." Mod ana vitu usivyoviona wewe, kama anwani za IP (namba zinazoonyesha mtu ameingia kupitia mtandao upi). Mpe sababu ya kwenda kuviangalia.

Na tafadhali, usitangaze hadharani kwamba fulani na fulani ni mtu mmoja. Ukikosea umemchafua mtu, ukipatia umemfundisha namna ya kujificha vizuri zaidi.

#5 · Msafiri wa Mtandao

Uzi mzuri huu. Mimi naona watu wanachanganya ripoti zinakwenda wapi. Mtu anabonyeza "ripoti" kwenye kundi la WhatsApp kisha anamlaumu admin kwamba hakufanya kitu, kumbe admin hana habari.

WhatsApp: ripoti inakwenda kwa kampuni pamoja na hadi jumbe tano za mwisho ulizopokea kutoka kwa huyo mtu au kundi hilo. Admin wa kundi haipati. Kama unataka admin afute, mwandikie yeye faragha, na utaje jina la mtumaji na saa ya ujumbe. Tangu 2022 admin anaweza kufuta ujumbe wa mwanakundi kwa watu wote, lakini ni lazima aupate kwanza kati ya mamia.

Telegram: ripoti ya kawaida nayo inakwenda kwa wenye mtandao. Makundi mengi makubwa yana boti ya usimamizi inayopokea amri ya /report au @admin. Siri yake ni kuiandika kama jibu la ujumbe wenye kosa. Ukiiandika hivihivi bila kujibu ujumbe wowote, boti inawaita maadmin wote bila kuwaonyesha cha kutazama.

Facebook: kwenye magroup kuna njia mbili, ya kupeleka kwa maadmin wa group na ya kupeleka kwa Facebook. Kosa la kanuni za group (mada isiyohusika, tangazo) lipeleke kwa maadmin. Vitisho na akaunti ya kujifanya mtu mwingine, peleka kote kuwili.

Reddit: ukichagua kanuni ya jumuiya, ripoti inakwenda kwa mamodereta wake, nao hawaoni jina lako.

Discord: ripoti ya ndani ya programu inakwenda kwa kampuni. Kwa wasimamizi wa seva, nakili kiungo cha ujumbe uwatumie. Kiungo hicho kina namba tatu: ya seva, ya chaneli na ya ujumbe wenyewe. Kwa hiyo hata jina la mtu likibadilishwa, ujumbe unapatikana.

Kabla ya kuripoti popote, soma ile sentensi ndogo inayosema ripoti inakwenda kwa nani na kama jina lako litaonekana. Hapo ndipo mitandao inapotofautiana zaidi.

#6 · Mtama Mweupe

Kumbe! Sasa skrinshoti je? Huku nilipo watu wakigombana inboksi wanamwaga skrinshoti kwenye uzi ili mods waone.

#7 · Kibatari

Skrinshoti ni ushahidi dhaifu, mkuu. Kivinjari chochote cha kompyuta kinakuruhusu kubadilisha maneno yaliyo kwenye ukurasa kabla ya kupiga picha, wala hakuna utaalamu unaohitajika. Msimamizi makini anajua hilo, kwa hiyo skrinshoti peke yake inamwacha palepale.

Kama mtandao una kitufe cha kuripoti ndani ya ujumbe wa faragha, tumia hicho. Kwenye mifumo mingi msimamizi hawezi kusoma inboksi za watu mpaka mmoja wa wahusika aripoti, na ripoti hiyo ndiyo inayobeba nakala halisi ya ujumbe. Usiufute wala kumzuia mtu kabla ya kuripoti. Kwenye baadhi ya mitandao mazungumzo yanatoweka ukishamzuia. Ripoti kwanza, zuia baadaye.

Skrinshoti ina kazi pale tu unapoona posti itafutwa kabla mod hajafika. Hapo piga picha inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na anwani ya ukurasa juu, usikate kingo. Ongeza kiungo cha posti yenyewe na saa kwa mtindo wa 21:40 pamoja na kanda ya saa, kwa sababu kumbukumbu za seva nyingi zinaandikwa kwa UTC (saa ya kimataifa) na mod anaweza kuwa bara jingine. Ukurasa ulio wazi kwa umma unaweza pia kuhifadhiwa kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ambayo inaweka tarehe na saa zake yenyewe. Kurasa zenye namba za simu au anwani za nyumbani za watu usizihifadhi huko, maana utakuwa umeeneza kilichotakiwa kufutwa.

Kumwaga mazungumzo ya inboksi hadharani kwenye majukwaa mengi ni kosa lenyewe, hata kama wewe ndiye uliyeonewa. Mod anaingia akiwa na kesi moja, anakuta mbili.

#8 · Dada Zuu

Naomba tuseme wazi kuhusu yale mazito, maana huko kosa la msaidizi linaumiza watu.

Taarifa binafsi za mtu zikimwagwa (namba, anwani, mahali pa kazi): usizirudie kwenye ripoti. Andika "mstari wa 3 una namba ya simu ya mtu binafsi" inatosha. Usinukuu, usimtagi mwenye namba kwenye uzi huo, mjulishe faragha.

Picha za faragha zilizosambazwa bila ridhaa: ripoti kwenye mtandao husika, na mwathirika aelekezwe StopNCII.org akiwa na miaka 18 au zaidi. Mfumo huo unatengeneza alama ya kidijitali ya picha ndani ya kifaa chake mwenyewe, na alama hiyo tu ndiyo inayotumwa kwa mitandao shiriki. Picha haitoki kwenye simu. Kwa picha zilizopigwa mhusika akiwa chini ya miaka 18 kuna huduma ya Take It Down ya NCMEC, shirika la Marekani la kulinda watoto, inayofanya kazi kwa namna hiyohiyo.

Picha za unyanyasaji wa kingono wa watoto: usipakue, usipige skrinshoti, usimtumie mod picha "aione". Kuwa nayo kwenye kifaa ni kosa la jinai katika nchi nyingi, hata kwa nia njema, na unamwingiza msimamizi kwenye matatizo hayohayo. Nakili kiungo tu, ripoti kwa mtandao kwa sababu husika, na kwa polisi au kituo cha kupokea taarifa cha nchi yako.

Mtu akiandika kwamba anataka kujidhuru: ripoti palepale kwa sababu inayohusu kujidhuru, kwa kuwa mitandao mikubwa ina njia yake ya haraka kwa hilo. Usibishane naye, usimuulize atatumia nini, na ukiona mtu anamchochea mripoti huyo kivyake. Kumwandikia maneno machache ya utu ni jambo jema. Kama unamfahamu na unajua alipo, wasiliana na huduma za dharura au mtu wake wa karibu, usisubiri foleni ya mamodereta.

#9 · Fundi Mitambo

Umenena, Dada Zuu. Hayo kila kundi lingeyabandika juu.

Mimi nirudi kwenye kazi za kila siku, zile zisizo na ugomvi. Nyuzi zinazojirudia: msimamizi kuunganisha nyuzi mbili ni jambo la kubonyeza, kinachomchosha ni kuzitafuta. Ripoti ile mpya, weka kiungo cha ile ya zamani, na useme ipi ibaki: "Uzi wa zamani una jibu kamili kwenye #12, pendekezo ubaki huo." Ni hivyohivyo kwa uzi uliowekwa sehemu isiyo yake, taja sehemu unakofaa kwenda.

Mitandao mingine inakupa funguo taratibu kadiri unavyoaminika. Discourse, programu nyingine ya majukwaa, ina ngazi kuanzia 0 hadi 4. Kwa mipangilio ya kawaida, kufika ngazi 1 unatakiwa uwe umeingia kwenye mada 5, umesoma posti 30 na kutumia dakika 10 kusoma. Ukifika ngazi 3 unaweza kubadilisha vichwa vya mada na kuzihamishia kundi sahihi. Stack Overflow wanaruhusu kuweka bendera ukiwa na pointi 15, na ukifikisha 500 unaanza kuingia kwenye foleni za ukaguzi. Ukipewa funguo hizo zitumie polepole. Mkaguzi anayepitisha kila kitu kwa sekunde mbili anamwachia msimamizi kazi ya kukagua ukaguzi.

#10 · Mwanakamusi

Kwa wanaohariri Wikipedia: huko mtu yeyote anaweza kurekebisha uharibifu, lakini kuna mtego mmoja. Ukiona tusi limeingizwa kwenye makala, usitengue badiliko la mwisho tu. Fungua historia ya ukurasa. Mara nyingi wameharibu wawili, mmoja baada ya mwingine, na ukitengua la mwisho peke yake unarudisha uharibifu wa kwanza ukiwa na jina lako juu. Rudi mpaka toleo la mwisho lililo safi, linganisha na la sasa, ndipo uhifadhi. Andika muhtasari wa hariri. Kisha fungua orodha ya michango ya mharibifu, maana ni nadra kuishia makala moja.

Ukimpeleka kwa wakabidhi (wasimamizi wa Wikipedia), toa viungo vya tofauti kati ya matoleo. Kiungo cha makala nzima hakisaidii, kwa sababu ukurasa umeshabadilika wakati wanafika.

#11 · Tumaini K

Na ripoti isipofanyiwa kazi? Kuna posti niliripoti juzi, bado ipo.

#12 · Kibatari

Tumaini, posti kubaki hakumaanishi ripoti haikusomwa. Huenda wameamua haijavunja kanuni, huenda mhusika ameonywa faragha, na onyo la faragha wewe huwezi kuliona. Usiripoti tena kilekile kwa maneno makali. Kama kuna jambo jipya (amerudia, amehamia uzi mwingine) ripoti hilo jipya na utaje la zamani. Kama siku kadhaa zimepita na jambo ni zito, andika ujumbe mmoja kwa timu nzima ya wasimamizi. Usimwandikie mod mmoja unayemfahamu: akiwa safarini ujumbe unalala, na wenzake hawana kumbukumbu yake.

Posti yako ikifutwa wewe, utaratibu ni uleule. Ujumbe mmoja, kupitia njia rasmi ya rufaa, wenye kiungo au kichwa cha posti, kanuni uliyoambiwa umeivunja, na sababu unayodhani haikuvunjwa. "Kanuni ya 6 inakataza matangazo, linki yangu ilikuwa ya nyaraka za bure na sina uhusiano na mwenye tovuti" ni rufaa inayojibika. "Mnaminya uhuru" haina pa kushikwa. Usiiweke posti upya wakati unasubiri, na usifungue akaunti ya pili ukifungiwa. Reddit na majukwaa mengi wanaihesabu kuwa kukwepa adhabu, na kifungo cha siku tatu kinaweza kugeuka cha kudumu.

#13 · Bintikalamu

Kabla uzi haujazama: kuitana kwenye makundi ya pembeni "twendeni tukamripoti fulani" kuna madhara. Ripoti 60 za posti isiyo na kosa zinamfanya mod azime ile roboti inayoondoa posti kwa idadi ya ripoti, na siku taka zikija kweli zinabaki juu mpaka asubuhi. Kwenye Umoja wa Ulaya sheria ya huduma za kidijitali, inayotumika kikamilifu tangu Februari 2024, inayataka majukwaa (isipokuwa ya kampuni ndogo) yasimamishe kwa muda kushughulikia taarifa za mtu anayepeleka mara kwa mara taarifa zisizo na msingi wowote. Mtu hana haja ya kufika huko. Kama hukubaliani na hoja, mjibu kwa hoja au pita.

#14 · Mtama Mweupe

Nimezipata zote. Swali la mwisho: mgeni akikosea sehemu ya kuweka mada, nimwambie mwenyewe au niripoti tu?

#15 · Fundi Mitambo

Vyote viwili, ila kwanza jibu swali lake kama unalijua. Kisha ongeza sentensi moja: "Mada za aina hii hukaa sehemu ya Ufundi, nimeomba ihamishwe, huna haja ya kuandika upya." Hiyo ya mwisho ni muhimu, kwa sababu mgeni akiambiwa tu amekosea sehemu anakimbilia kufungua uzi wa pili, na mod anakuwa na nyuzi mbili za kuunganisha. Ukimpa kiungo cha kanuni, kielekeze kwenye kifungu chenyewe, usimpe ukurasa mzima wa kanuni 20. Na ukikuta mwingine ameshamwambia, usirudie. Watu watano wakimsahihisha mgeni kwa kosa lilelile, mod anaanza kupokea ripoti za ugomvi badala ya ombi la kuhamisha mada.